Mgao wa Majani

Wengi wanaorudi kutoka machimbo ya Geita utawajua kwa pikipiki. Inatangulia kelele, linafuata vumbi, na baada ya miezi michache pikipiki inauzwa na mwenyewe anarudi shimoni. Mimi nilirudi kwa basi, na begi moja, na risiti ya ada ya chuo ndani ya soksi. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Sikusomeshwa na mjomba wala sikushikwa mkono na mheshimiwa. Ada yangu niliichimba mwenyewe kwa moko, ile patasi ya wachimbaji, na nyundo, nimelala kifudifudi chini ya ardhi, mwamba ukinidondoshea maji shingoni. Leo stashahada yangu ya biashara ya kilimo iko ukutani sebuleni, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Dhahabu halisi niliigeuza kuwa stashahada.

Chuo chenyewe kilikuwa cha wananchi, pale Shinyanga mjini. Wenzangu darasani walikuwa vijana waliotoka shuleni moja kwa moja, mikono yao laini kama maandazi, na wiki ya kwanza tu walishanipa jina: Babu wa Mgodini. Nikalipokea. Darasa lile lilihitaji babu. Mkufunzi akiuliza kwa nini nyanya hushuka bei zikivunwa kwa pamoja, vijana walifungua vitabu, mimi nilinyoosha mkono. Nilishaona rashi, ile siku habari zinapoenea kwamba sehemu fulani dhahabu imetoka, na watu wanamiminika kutoka kila mkoa. Kwenye rashi dhahabu humwangukia mmoja, lakini wote wanakula, wote wanakunywa maji, wote wanahitaji tochi. Niliwajua kina mama waliouza wali na maharage pembeni ya maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, ambao walijenga nyumba za tofali wakati sisi tuliokuwa tunawadharau tulilala kwenye maturubai. Hayo ndiyo masomo niliyoingia nayo chuoni. Chuo kilinipa maneno yake tu, na maneno niliyapokea yote.

Mkufunzi wetu alikuwa mama wa Kihaya, mrefu, asiyecheka ovyo. Alitukazia jambo moja: kwamba mpango wa biashara usio na shamba ni hadithi. Mwaka wa mwisho kila mmoja alitakiwa kuendesha mradi wake mwenyewe kwa msimu mmoja, na yeye angekuja kuutazama kwa macho yake. Vijana wakachagua kuku. Karibu darasa zima lilichagua kuku. Mimi nilichagua majani.

Nyumbani kwetu ni upande wa Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe, ambako kiangazi kikikaza hata kivuli kinakonda. Kwetu tuna ngitili. Ngitili ni eneo la malisho ambalo mfugaji wa Kisukuma hulifunga mvua zinapoanza. Halina uzio. Neno la mwenyewe ndilo uzio, na kijiji kizima kinalitii. Majani yanakua mpaka kifuani, yanakauka yakiwa wima, na kiangazi malisho ya nje yakishakwisha ndipo ng'ombe wanafunguliwa humo. Ngitili yetu aliianzisha babu, baba akairithi. Lakini mwaka ule dengu zilikuwa na soko, na baba alikuwa ameshazungumza na mwenye trekta. Ngitili ingelimwa yote.

Nilikaa naye uani, nikamweleza mpango wangu tangu mwanzo. Majani tuyakate mapema, yakiwa yametoa maua, tuyakaushe, tuyafunge robota na kuyaweka chini ya paa. Mengine ng'ombe wetu wayale kiangazi, mengine yaingie sokoni. Baba alisikiliza huku anachonga mpini.

"Unataka kukata mabichi," alisema, "halafu ng'ombe wangu wale nini mwezi wa kumi?"

"Watakula hayohayo, baba. Na yatakuwa na nguvu kuliko yanayosimama juani mpaka yawe kama waya."

"Hayo umeyaona au umeyasoma?"

"Nimeyasoma."

"Basi nenda ukayaone."

Akanipa nusu ya ngitili, upande wa korongo. Nusu nyingine ingebaki wima kama ilivyo desturi. Masharti aliyatamka mbele ya bibi, mama yake mzazi, ili pawe na shahidi. Kiangazi kikifika, ng'ombe wake wakianza kuanguka kwa njaa, ngitili yote italimwa dengu na mimi nitafute riziki kwingine. Wakipita salama, ngitili ni yangu na mimi ndiye nitakayeisemea. Nilikubali palepale. Mtu aliyewahi kuteremka duara lisilo na matimba ya kuzuia kuta haogopi masharti ya mzazi wake.

Bibi alikuwa ameketi kwenye ngozi anapepeta mtama. Kwa desturi yetu mimi ni mume wake, na anaruhusiwa kunisema atakavyo.

"Mume wangu alikwenda kutafuta dhahabu," alisema bila kuinua macho, "amerudi kutafuta nyasi. Mahari yangu sasa mtaniletea kwa mafungu."

Nikamwambia atayapokea mafungu hayo na atayapanga mwenyewe. Akasema tutaona.

Masika maduara mengi ya Geita hujaa maji, na wachimbaji hukaa bure wakisubiri pampu. Nikampigia simu jamaa yangu mmoja, Mha wa Kigoma, niliyechimba naye shimo moja kwa muda mrefu. Nilimweleza kazi, nikamweleza na malipo: yaleyale ya shimoni. Kule mchimbaji halipwi mshahara. Mwenye duara anakulisha, na mawe yakitoka yanajazwa kwenye mifuko, na mifuko inagawanywa palepale mdomoni mwa shimo, kila mtu akitazama, fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la walioshika nyundo. Nilimwambia hivyohivyo ndivyo tutakavyogawana robota, na fungu lake ataliuza nitakapomwonyesha. Mha akauliza kama nina homa.

Alikuja, na wenzake wachache, na mafyekeo mapya. Fundi seremala wa Tinde alikuwa amenitengenezea sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala kitako, kwa vipimo nilivyochora mwenyewe darasani. Unatandika kamba ya katani, unashindilia majani, unakanyaga, unafunga, unanyanyua sanduku, robota linabaki limesimama kama tofali. Vijana wa kuku hawakuwa na kitu cha namna hiyo.

Tulikata alfajiri mpaka jua likawa kali. Waliopita kwenda kisimani walisimama kutazama, wengine wakaita wenzao. Ngitili kufyekwa ikiwa ya kijani hawajapata kuona. Mama mmoja wa kijijini aliweka ndoo chini kabisa ili acheke vizuri.

"Kijana wetu amesoma mpaka amekuwa ng'ombe," aliwaambia wenzake. "Sasa anajikusanyia chakula."

Mha naye hakuwa nyuma. Alikuwa ndani ya sanduku, anakanyaga, jasho linamtiririka.

"Kwetu Kigoma," alisema, "tukimwona mtu anapanga majani kwenye sanduku tunampeleka kwa mganga."

Nikamwambia avute kamba, mganga wake ndiye mimi.

Tulifanya kazi safi. Jioni kila kilichokatwa asubuhi kilikuwa kimeshafungwa, kimepangwa, kimefunikwa turubai, na mmoja wetu amelala kando yake. Siku ya pili hivyohivyo. Hakuna jani lililolala chini. Nilitazama lile lundo la robota za kijani, zimenyooka pembe zote, nikaona nimeshinda kabla ya kiangazi kuanza. Baba alipita, akatazama, akaenda zake. Bibi aliletwa kwa kushikwa mkono ili aone mahari yake.

Siku chache baadaye nilipita karibu na lile lundo asubuhi ya baridi, nikaona linafuka mvuke. Nilidhani ni umande. Nikachomeka mkono katikati ya robota na kuutoa upesi kama aliyegusa sufuria. Ndani kulikuwa na moto wa kuchemka na harufu ya pombe iliyochacha. Nilifungua jingine, na jingine. Yalikuwa meusi moyoni, yameota ukungu mweupe kama pamba. Yalikuwa yanaoza, na yangeachwa yalivyo yangeweza hata kushika moto yenyewe.

Mha alifika akiwa na mswaki mdomoni. Alitazama zile robota zilizopasuliwa, akazunguka lundo lote, halafu akatema mate pembeni.

"Tumeyafunga kama mawe," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Machimboni mfuko wa mawe hauachwi wazi hata kwa muda wa kwenda kujisaidia. Kinachotoka shimoni kinafungwa saa hiyohiyo na kulaliwa, la sivyo kesho utakuta mchanga mtupu. Miaka yote ile mikono yetu ilifundishwa kwamba mali iliyolala nje ni mali ya mwizi. Kukausha majani nilikusoma, nilikuandika kwenye mtihani na alama nikapata zote. Lakini mikono ilipoona mali imelala chini na jua linazama, haikuuliza darasa. Naamini katika historia ya chuo kile hakuna mwanafunzi mwingine ambaye angeweza kukosea kwa namna ile. Wao wangechelewa kufunga kwa uvivu. Sisi tuliwahi kwa sababu tulikuwa wachapakazi wa kiwango ambacho majani hayakukizoea.

Baba alikuja. Alichomeka mkono wake ndani ya robota moja na kuuacha humo kwa muda, kama anayepima homa ya mtoto.

"Yameiva," alisema.

Bibi, kutoka uani, akaita tumletee sahani, mume wake amepika.

Nilicheka pamoja nao, lakini hesabu niliiona. Karibu nusu ya sehemu yangu ilikuwa imekwisha kukatwa na kuharibika. Kilichobaki ni upande wa korongoni kwenyewe, na majani yake yalikuwa yanaanza kupitiliza maua. Safari hii ilibidi yakatwe, yaanikwe chini, yageuzwe na kugeuzwa tena mpaka yalie mkononi, ndipo yafungwe, na yote hayo upesi, kwa sababu mvua za mwisho hazikuwa zimeaga. Sisi tulikuwa wachache mno. Baba hakuniambia niache. Alisema tu kwamba mwenye trekta amepiga simu kuuliza.

Kesho yake alikuja mzee jirani yetu, ambaye shamba lake linapakana na ngitili. Kila kiangazi kibaya mzee huyu huja kwa baba, wanasalimiana "mwangaluka" kwa kirefu, wanaulizana habari za kila mtu na kila mnyama, na mwisho kabisa anasema kwamba ng'ombe wake wamechoka. Baba humpa sehemu ya kulishia. Hakuna anayeandika wala anayelipa, na mwaka wa mavuno mazuri kuna debe la mtama linakuja kwetu bila maelezo. Safari hii alikuja mapema, na baada ya salamu alinigeukia mimi.

"Nasikia mwaka huu majani yana bei," alisema. "Nimekuja kuuliza ni bei gani, ili nianze kuuza mbuzi."

Nilimtazama baba. Uso wake ulikuwa umefungwa kabisa.

"Jirani hauziwi majani," baba aliniambia mimi, si yeye. "Ukimuuzia majani leo, siku moto wako ukizimika atakuuzia kaa."

Hapo ndipo nilipoona ngitili inakwenda kwenye dengu. Kama ningesema nauza, baba angenipokonya siku hiyohiyo, masharti au hapana masharti. Kama ningesema nitampa bure, nisingekuwa na biashara ya kumwonyesha mtu, na mikono ya kuokoa majani yaliyobaki nisingeipata. Kitabu cha chuo kilikuwa na sura ya bei na sura ya mikopo. Sura ya mzee huyu hakikuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo, niliitoa shimoni.

"Shikamoo tena, mzee," nilisema. "Mimi sikuuzii, na sikupi. Njoo na mikono tugawane. Atakayekata na kugeuza majani mpaka yakauke anaondoka na fungu lake siku ileile ya kufunga, mbele ya watu wote. Robota moja kwako, mbili kwa ngitili. Mwezi wa kumi huna haja ya kuja kutuambia ng'ombe wamechoka, chakula chao kitakuwa kwako."

Mzee alinitazama sana.

"Kwa hiyo mimi ni mchimbaji wako."

"Mchimbaji mwenzangu, mzee."

"Na likiporomoka?"

"Majani yakikuangukia, mzee, tutakufukua tu."

Alicheka mpaka akashika goti. Baba hakucheka, lakini alirudi kwenye kiti chake na kuendelea na mpini, na kwetu hilo ni jibu. Baadaye, mzee alipokwisha kuondoka, aliniuliza hizo mbili za ngitili zitakwenda wapi. Nikamwambia zitakazozidi chakula cha ng'ombe wake zitakwenda kwa watu wa mjini.

"Mtu wa mjini ananunua hata maji," alisema. "Huyo muuzie."

Mzee alikuja na nyumba yake nzima, wanawe, wakaza wanawe, na fyekeo la kila mmoja. Siku ya pili ikaja nyumba nyingine, na ya tatu yule mama wa ndoo, aliyenisalimu kana kwamba hajapata kunitukana. Wanawake waligeuza majani kwa matawi yenye panda, kwa mstari mmoja, wakiimba nyimbo za kulimia ambazo hazikutungwa kwa kazi hii lakini ziliingia sawasawa. Mimi nilipita nyuma yao nikikunja majani kwenye ngumi. Yakinyamaza, bado. Yakilia na kukatika, tayari. Mha peke yake ndiye aliyeteseka. Kila jioni aliyatazama majani yaliyotandazwa chini, wazi, bila mlinzi, akawa kama mtu aliyeacha mlango wa nyumba wazi. Nilimwambia kama kuna mwizi atakayeyageuza usiku nitamlipa.

Mgao ulifanyika uwanjani, kama mdomoni mwa duara. Niliwataka wote wasimame mviringo, nikatenga mafungu mchana kweupe, na kila mtu akabeba lake kichwani mwenyewe. Hakuna aliyenong'ona. Nimewahi kuona vikao vya ushirika vikivunjika kwa sababu ya mgawanyo uliofanyika ofisini. Mgawanyo unaofanyika chini ya jua hauvunji kikao. Hilo nililiandika kwenye mpango wangu wa biashara kwa herufi kubwa.

Mha aliuza fungu lake Tinde, kwa malori yanayopakia ng'ombe kwenda mbali, ambayo hayakuwa na cha kuwalisha njiani. Mimi niliifuata njia hiyohiyo, na nikaongeza ya Ibadakuli, kwa watu wanaofuga ng'ombe wa maziwa ndani ya uzio na ambao kiangazi huhangaika na viroba vya pumba. Nilichukua oda zao kabla sijawapelekea robota hata moja. Sikupunguza bei kwa mtu. Mha alirudi Geita pampu zilipofika, akanitumia ujumbe kwamba amewasimulia shimoni na hakuna aliyemwamini.

Kisha kiangazi kikaja, kile chenyewe. Nje hapakubaki kitu ila vumbi na mashina ya pamba. Baba alifungua ile nusu yake iliyosimama, na kwa kuwa ilikuwa nusu, iliisha mapema kuliko miaka mingine. Siku aliyokuja kutaka robota alisimama mlangoni mwa banda la robota akitazama juu, nikamteremshia. Tangu hapo ng'ombe wake walikula mikononi mwangu.

Kwetu mwezi wa kumi una sauti yake. Ng'ombe aliyedhoofika akilala hawezi kusimama tena, na mwenyewe hupiga yowe, na majirani huja na miti. Wanaipitisha chini ya tumbo, mmoja anashika mkia, wanamnyanyua. Kuna ng'ombe wanaonyanyuliwa hivyo kila asubuhi mpaka mvua inyeshe, na wengine hawaifikii mvua. Sisi tulikuwa na ng'ombe mzee, mweusi mwenye baka usoni, ambaye miaka yote ndiye aliyeanza kuanguka. Baba alikuwa akimtazama yeye, nami nilijua anamtazama. Trekta lilikuwa likisubiri ng'ombe huyo.

Mkufunzi alifika mwezi huo. Nilivaa koti. Alikagua banda, akahesabu, akachomoa jani katikati ya robota na kulinusa, akauliza kuhusu lile doa jeusi nyuma ya korongo ambako tulizika robota zilizooza. Nikamweleza yote bila kupunguza. Halafu akafungua mpango wangu.

"Sioni mishahara."

"Hakuna mishahara, mwalimu. Kuna mgao."

"Mgao ni gharama. Ungeutia kwenye hesabu."

"Nimeutia. Uko kwenye mavuno, umetolewa kabla sijayaita yangu."

Alipekua, akaukuta, akaguna.

"Na kama jirani asingekuja?"

"Jirani angekuja, mwalimu. Angekuja mwezi huu kuomba. Mimi nilimwahisha tu."

Alikuwa anaandika, na naamini midomo yake ilikuwa inataka kucheka, tuliposikia yowe kutoka upande wa kisima. Ng'ombe amelala. Mwitaji alitaja wa nani. Alikuwa wetu, yule mweusi.

Baba alishika njia mara moja. Sikumngoja mkufunzi, lakini nilimsikia nyuma yangu na viatu vyake vya mjini. Tulipofika, wanaume walikuwa wanakuja kutoka kila upande na miti mabegani, na yule mzee jirani alikuwa wa kwanza, kwa sababu moto wa jirani haununuliwi. Ng'ombe alikuwa amelala kando ya njia, miguu ameikunja chini, kichwa ameinua. Baba alisimama mbele yake, fimbo mkononi. Hakuniangalia. Nilijua anahesabu siku za kumpigia simu mwenye trekta.

Wawili walishaanza kupitisha mti chini ya tumbo.

"Ngojeni," nilisema. "Baba, mtazame mdomo."

Taya lilikuwa linakwenda. Polepole, kushoto kulia, kushoto kulia, na macho yamesinzia. Alikuwa anacheua. Ng'ombe mwenye njaa hana cha kucheua, hilo hakuna Msukuma asiyelijua. Tumbo lake lilikuwa limejaa, ndiyo maana alikaa.

Baba alimgusa ubavuni kwa ncha ya fimbo, kidogo tu. Ng'ombe akapiga kwato za nyuma, akainuka mgongo kwanza, halafu kifua, akasimama mwenyewe katikati ya watu wote wale wenye miti. Alitikisa masikio kama mtu aliyeamshwa kwa upuuzi, akatupita, akafuata njia ya nyumbani.

Yule aliyepiga yowe akaanza kujitetea kwamba kwa umri wake na kwa mwezi huu, mtu yeyote angedhani. Mzee jirani akamwambia akae kimya, ametuletea mazoezi. Mkufunzi alikuwa ameketi kwenye jiwe anakung'uta vumbi kutoka viatuni, anatikisa kichwa, na kalamu yake ilikuwa bado wazi. Alama alizonipa baadaye zilikuwa nzuri, na zingekuwa nzuri zaidi kama asingekuwa mtu wa kutaka mishahara.

Mmoja wa wale waliobeba miti, mtu wa kitongoji cha pili ambaye hakuwa amekuja kukata, alimsogelea baba. Alishusha mti wake chini. Akaanza na habari za nyumbani, akapita kwenye afya ya bibi, akafika kwenye hali ya kisima, na mwisho akasema, kama wanavyosema siku zote, kwamba ng'ombe wake wamechoka.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kama ilivyo adabu.

"Mimi sina majani," alimjibu. "Mwenye ngitili ni huyu. Muulize yeye."

Kisha akaweka fimbo begani akamfuata ng'ombe wake, na yule mtu akanigeukia, akaanza upya na habari za nyumbani.